Maswali Yenu: Madhara Yanayotoka Nje ya Mpaka wa Hifadhi

Hifadhi ina askari, na mpaka wake unajulikana. Mbona bado inaharibika?

Kwa sababu maji yake hutoka kwingine. Mto Ruaha Mkuu, tegemeo la viboko na mamba wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nchini Tanzania, ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia mwaka 1993. Sehemu kubwa ya maji ilikuwa ikiishia kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, huko juu. Doria ingekesha porini na isimkamate yeyote, maana hakuna aliyevuka mpaka. Na wakulima wale walikuwa wakitafuta riziki, si majangili. Ndiyo maana huniuma kuona fedha za ulinzi zikiishia kwenye bunduki na magari, huku mifereji ya kumwagilia ikikosa hata mtu wa kupima maji yanayochepushwa.

Si wapanue mpaka tu?

Mara nyingine hufaa. Marekani iliipanua Hifadhi ya Redwood mwaka 1978, kwa kuwa ukataji miti milimani ulikuwa ukishusha udongo mtoni na kuhatarisha miti mirefu ya bondeni. Sehemu ya Usangu nayo iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, lakini wafugaji walikuwa wamekwisha kuondolewa na mifugo yao. Upanuzi wa namna hiyo siuungi mkono.

Ardhi ni yangu kihalali. Kwa nini nisiweke uzio, eti nyumbu wapite?

Ukiombwa uiache wazi, ulipwe. Kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, mpango ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi kwa kila ekari iliyobaki bila uzio. Malipo yakichelewa, au yakiwa kiduchu mbele ya bei ya viwanja, familia itauza, nami sitailaumu.

Na mgodi ulio mbali na hifadhi?

Umbali si hoja. Tazama mto unaelekea wapi. Aprili 1998, bwawa la topesumu la mgodi wa Aznalcóllar, Hispania, lilipasuka na tope likafuata mto Guadiamar kuelekea Hifadhi ya Doñana. Kuta zilizojengwa kwa dharura ziliizuia sehemu kubwa isiingie hifadhini, lakini mashamba yaliyokuwa njiani yalifunikwa na samaki wakafa. Tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya kibali, iufuate mkondo mpaka unakoishia, na wasimamizi wa hifadhi wawe na uwezo wa kukataa, si kushauri tu.