Tripu ya mtumbwi Boundary Waters: pa kuanzia chagua kwa kuangalia siku ya kwanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu Boundary Waters, lile pori la maziwa kule kaskazini mwa Minnesota, Marekani, wanataka kujua ziwa gani zuri zaidi. Jamani yako zaidi ya 1,000 na uzuri hautakusumbua. Kitakachokusumbua ni siku ya kwanza, yale masaa manne matano ya mwanzo ambapo mkono haujazoea kasia, mabegi yana chakula cha wiki nzima na hujui hata mtumbwi unabebwaje.

Mimi mara ya kwanza nilichagua ziwa Brule kwa sababu niliona naweza kwenda siku nzima bila poteji. Poteji ndo ile njia ya mguu kutoka ziwa moja kwenda lingine, unabeba mtumbwi na kila kitu. Nikasema hapa ni kupiga makasia tu. Tukaingia majini saa sita mchana, tunaelekea magharibi na upepo nao unatoka hukohuko magharibi, ziwa ni kubwa halina kizuizi, mawimbi yakaanza kuruka mbele ya mtumbwi mpaka mwenzangu kalowa kiunoni, tunapiga kasia kwa nguvu zote alafu nikitazama pembeni naona msonobari uleule bado uko palepale. Tukakimbilia ufukweni, tukakaa juu ya mwamba hadi jioni upepo ulipolala. Niliogopa kweli, na maji ya kule mwanzoni mwa msimu ni ya baridi mno, ukipinduka sio mchezo. Jaketi la kuokolea vaeni, lisikae chini ya kiti.

Kwahiyo poteji usizikimbie, ila zisome vizuri. Ramani zinaziandika kwa rodi, rodi 1 ni kama mita 5. Ukiona 160 ni mita 800 hivi, unaona kidogo hiyo, lakini anayeanza habebi vyote mara moja, anapeleka mabegi, anarudi mikono mitupu, anaenda tena na mtumbwi, hapo keshatembea karibu kilomita 2 na nusu. Na ukiwa chini ya mtumbwi unaona miguu yako tu na hatua mbili za njia, mizizi imelowa, mbu wanaingia humo ndani wanakulilia masikioni na mikono yote miwili imeshika mtumbwi, huwezi kumpiga hata mmoja. Siku ya kwanza ziwe mbili au tatu fupi, kila moja isizidi rodi 50. Hizo zinatosha kujifunza.

Kuhusu kibali, cha kulala huko kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba kinaandikwa tarehe na sehemu utakayoingilia, na kila sehemu ina idadi yake ya makundi kwa siku. Ukishaingia unazunguka unapotaka, ila kuingia lazima iwe pale na siku ile. Kwahiyo kaa na machaguo matatu kabla hujaomba. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4.

Mwaka uliofuata tulianzia Lake One, na hapo ndo nampeleka kila mgeni sasa. Visiwa na kona nyingi, upepo haupati uwanja wa kukimbia. Lakini hizohizo kona zinapoteza watu, wanaingia ghuba isiyo na njia wanadhani wamefika, sisi ramani ilikaa mapajani tangu kasia la kwanza na kila kisiwa tulikitaja kabla ya kukipita. Poteji mbili fupi ukawa Lake Two, na toka hapo unapita mpaka Three na Four bila kubeba kitu. Kambi huwezi kuzishika mapema, anayewahi ndo anapata, na zilizo karibu na kuingilia zinajaa haraka. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji hayatikisiki, saa nane mchana tenti ishasimama na upepo ndo kwanza unaanza kuvuma.