Maswali ya Wasomaji: Sewahaji ni Jina la Nani?

Mama yetu alilazwa Muhimbili, jengo la Sewahaji. Wadogo zangu wanadhani ni jina la mtaa. Hebu tufahamisheni.
*Msomaji, Temeke*

Ni jina la mtu, ndugu yetu. Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851, katika familia ya Makhoja Waismailia, yaani Waislamu wa tawi la Kishia, yenye asili ya Kachi, India. Baba yake alikuwa na duka Unguja na tawi Bagamoyo, mji ambao misafara ya kwenda Unyamwezi na Ujiji ilikuwa ikianzia. Kijana alikulia katika kazi hiyo, na mwisho akampita baba.

Wajerumani waliihamishia serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika au Mhindi aliyeugua hakuwa na nafasi pale. Sewa Haji ndiye aliyetoa fedha ili Waafrika na Waasia nao wajengewe hospitali, ikapewa jina lake. Alifariki Unguja Februari 1897, umri wake miaka 46 hivi. Hospitali ilibaki kuwahudumia watu wa Dar es Salaam mpaka ilipofunguliwa Princess Margaret mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo. Wagonjwa walihamia huko, na jina likahama nao. Kila anayesema "kalazwa Sewahaji" anamtaja marehemu huyu bila kujua.

Nasikia alitajirika kwa kuuza nguo na shanga. Nguo na shanga tu? Inawezekanaje?
*Msomaji, Morogoro*

Inawezekana kwa sababu bara hapakuwa na sarafu. Nguo, shanga na masango, yaani nyaya za shaba, ndizo zilizokuwa fedha, na mkuu wa msafara alibeba "benki" yake mabegani mwa watu. Atakayekosea kuipanga pwani atakwama njiani, na duka la karibu liko nyuma yake mwendo wa wiki nyingi. Sewa Haji aliuza bidhaa, lakini pamoja na bidhaa aliuza mpangilio.

Tuanze na nguo. Merikani, ile pamba isiyopaushwa, ilipata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, na kaniki ilitoka India. Kipimo kilikuwa shuka, yadi mbili, na doti, yadi nne. Nguo zilikunjwa, zikapangwa, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi huku mafundi wakizitwanga kwa nyundo za mti mpaka zikawa ngumu kama gogo: urefu futi tatu na nusu, upana futi moja, kina futi moja. Huo ndio mtumba. Leo tukisema "mitumba" tunawaza nguo zilizokwisha kuvaliwa, lakini neno ni la kazi hii ya Bagamoyo.

Ndani ya mtumba mmoja ziliwekwa nguo za aina mbalimbali kwa makusudi. Mtemi anayedai hongo, ule ushuru wa kupita katika nchi yake, atataka merikani kidogo, kaniki kidogo na za rangi kidogo. Ukiwa umezitenga, utafungua mitumba minne mbele ya macho ya watu, hongo itapanda palepale, na kuifunga tena ni kazi ya nusu siku. Ukizichanganya, unafungua mmoja tu.

Uzito nao ulikuwa na hesabu yake. Mpagazi alichukua kama frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Mzigo ukizidi hapo, mtu anabaki nyuma, anaugua, au anautua porini na kutoweka. Na huyo alikwisha kupokea sehemu ya ujira wake kwa doti kabla ya kuondoka. Masango, nyaya nene zile, hayakufungwa kama nguo: yalizungushwa kuwa makoa na kuning'inizwa huku na huku kwenye ncha za mti uliolala begani.

Penye hasara kubwa kuliko zote ni shanga. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Bubu, ule mweusi, ulipokewa Ugogo na kukataliwa kwingine. Sungomaji ulitafutwa Ujiji na Uguha, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini njiani haukununua hata kibaba cha nafaka. Mgeni aliyenunua kwa kufuata uzuri wa rangi aliishia kubeba kokoto. Zaidi ya hayo upendeleo ulibadilika, kwa hiyo muuzaji wa Bagamoyo ilimbidi aulize kila msafara unaorudi: kule wanataka nini sasa?

Kisha kuna mkopo. Wenye misafara wengi hawakuwa na fedha mkononi. Walichukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa kwa pembe za ndovu, na pembe zilifika baada ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Zikifika zilipimwa kwa frasila na kuchambuliwa: bab ulaya kwa soko la Ulaya, bab kachi kwa mafundi wa bangili wa India, na kalasha, zile ndogo. Anayejua kuchambua pembe alipata faida mara ya pili. Na ndovu walilipa gharama ya yote haya, hilo tusilifiche.

Hao wapagazi si walikuwa watumwa?
*Msomaji, Tabora*

Wengi hawakuwa. Wanyamwezi walifanya upagazi kwa ujira, kwa hiari, na kwao ilikuwa kazi ya heshima: kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto. Walijua bei yao na waligoma walipopunjwa posho. Wapo pia watumwa wa mabwana wa pwani waliokodishwa, ambao ujira wao ulichukuliwa, wote au sehemu, na bwana. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu wa namna zote mbili.

Stanley alimwandika kuwa mdanganyifu. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Katika maelezo ya safari yake ya 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, anamlalamikia sana kijana Mhindi wa Bagamoyo anayemwita "Soor Hadji Palloo", na wanahistoria humtambua kuwa ndiye Sewa Haji. Anasema alicheleweshewa wapagazi na kutozwa doti kupita kiasi. Kijana huyo, wa miaka ishirini hivi, huenda alijiongezea kweli. Lakini kipindupindu kilikuwa kimepita pwani muda mfupi kabla, wapagazi wakawa adimu na ujira ukapanda, jambo ambalo Stanley mwenyewe analitaja. Tena yeye ndiye aliyeandika, na mwenzake hakutuachia maelezo yake. Sisi hatuwezi kumhukumu mtu kwa ushahidi wa upande mmoja.

Mbali na hospitali, alitoa nini kingine?
*Msomaji wenu, Bagamoyo*

Wewe uko karibu zaidi na jibu kuliko sisi. Jengo la ghorofa la Shule ya Msingi Mwanamakuka ni lake. Alilikabidhi kwa serikali ya Wajerumani mwaka 1896 liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wapokewe. Litazame vizuri sharti hilo. Katika koloni lililokuwa likitenganisha watu hata vitandani hospitalini, mfanyabiashara huyu aliweka neno lake ndani ya zawadi yenyewe. Ingekuwa rahisi zaidi kuwajengea Waismailia wenzake peke yao, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliwasaidia pia wamisheni Wakatoliki wa Bagamoyo, ingawa hawakuwa wa dini yake, na alielekeza kuwa mapato ya mali zake yawatunze wagonjwa wa ukoma wa mji huo. Ukipita Mwanamakuka, ingia uombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, uangalie unene wa zile kuta za mawe.