Kujihisi kama uko nje ya mwili wako

Mdogo wangu, umesema ulikuwa kwenye feri ya Likoni, hapo Mombasa, ukajiona kama wajitazama kwa mbali, mikono si yako, sauti kama ya mtu mwengine, na sasa waogopa warukwa na akili. Pole sana. Hofu hiyo naijua, ilinikuta mwaka wa mitihani.

Lakini wewe mwenyewe wajua mikono ni yako, kwamba hiyo ni hisia tu. Hilo ndilo kubwa! Aliyepotewa na akili kwa kawaida huyaamini kabisa yale yanayomjia. Hali hii yako ya kujihisi nje ya mwili huwapata wengi kwa muda mfupi, hasa penye wasiwasi, msiba, uchovu au kukosa usingizi. Bangi nayo huweza kuiamsha, na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, ukiutafuna ili ukeshe hukunyima usingizi. Viwache vyote viwili.

Ikikujia, usijichunguze, maana kujichunguza huirefusha. Shika chuma cha feri uhisi ubaridi wake, sikiza injini, taja vitu vitano unavyoviona.

Ikiendelea wiki kadhaa, nenda Hospitali Kuu ya Pwani uulizie daktari wa akili. Tiba ya mazungumzo husaidia. Ukizimia, au ukiwaza kujidhuru, nenda leo hii, na usiende peke yako.