Vitabu 43 na tarehe nyekundu

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu mwaka jana nimekuwa nikiweka kumbukumbu za usomaji wangu katika programu ya orodha ya kazi iliyomo kwenye simu, ile ile ninayoandikia bili za kulipa na barua za kujibu. Nilijiambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, hivyo kila niliposikia kitabu kinasifiwa nilikiandika na kukipangia tarehe ya kukimaliza. Leo orodha ina vitabu 43, na 31 kati yake vina tarehe nyekundu kwa kuchelewa, ilhali vile nilivyovimaliza hata sivioni tena. Je, nihamie programu maalumu ya wasomaji, au kosa ni langu?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limo katika zile tarehe. Programu ya orodha ya kazi, iwe Todoist, Microsoft To Do au Google Tasks, imeundwa kwa ajili ya jambo linalofanywa likaisha: bili hulipwa, ukatia tiki, ikaondoka machoni. Kitabu hakiendi hivyo, kwa kuwa huchukua majuma kadhaa, na ukishakimaliza ndipo hasa unapotaka kukikumbuka. Ulipokiandika kama kazi yenye tarehe, uliiahidi programu jambo lisilowezekana kwa kikao kimoja, nayo ikakudai kama inavyodai bili.

Anza kwa kuziondoa tarehe zote. Huenda ikakubidi uziondoe moja moja, lakini vumilia, kwani njiani utakuta vitabu usivyo na hamu navyo tena, na hivyo uvifute bila kuona haya. Kisha gawa orodha hiyo katika tatu: Foleni, Ninachosoma na Nilivyosoma. Foleni haina tarehe hata moja, kwa sababu kutamani kitabu si deni.

Katika Ninachosoma weka kitabu kimoja, viwili vikizidi, na kazi utakayoiandika isiwe kukimaliza bali kukaa nacho. Chukua kitabu cha kurasa 312: andika “Soma kurasa 20”, uifanye kazi ya kujirudia, nacho kitaisha kwa vikao 16, cha mwisho kikiwa na kurasa 12 tu. Kama programu yako inaruhusu, marudio yahesabiwe kuanzia siku uliyosoma na si kwa kufuata kalenda, ili ukiwa umepanga kusoma kila baada ya siku tatu nawe ukachelewa siku mbili, zamu inayofuata nayo isogee. Katika Todoist tofauti hiyo huletwa na alama ya mshangao tu, inayobandikwa kwenye neno la marudio.

Kila unapofunga kitabu, andika katika sehemu ya maelezo namba ya ukurasa na sentensi moja, kwa mfano: “Uk. 87: ndugu wawili wamegombania shamba, barua bado haijafunguliwa.” Ukirudi baada ya majuma mawili, sentensi hiyo itakufaa kuliko alamisho, kwa maana alamisho hukuonyesha ulipoishia lakini haikwambii palikuwa na nini. Wako wanaogawa kitabu kwa kazi ndogo ndogo, kila sura na tiki yake. Kwa kitabu cha masomo ni utaratibu mzuri, ila kwa riwaya naona unapunguza utamu, tena sura ya kurasa 4 na sura ya kurasa 40 hupata tiki ile ile.

Sasa, kuhusu vile usivyoviona: ulivitia tiki, na katika programu hizi tiki ni njia ya kuficha. Kitabu kilichokwisha usikitie tiki, bali kihamishie Nilivyosoma, pamoja na mwezi ulipokimaliza na neno moja la maoni yako. Ulichokiacha katikati nacho kihamishie huko huko, kikiwa na lebo ya “Nimeacha” na ukurasa uliofikia, kwa kuwa programu hujua kazi iliyofanyika na isiyofanyika tu, ilhali msomaji ana hali ya tatu.

Programu za wasomaji, kama LibraryThing iliyoanza mwaka 2005 au Goodreads iliyoanza 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, hushinda orodha yoyote ya kazi kwa upande wa kumbukumbu, maana hujaza zenyewe jina la mwandishi, jalada na idadi ya kurasa. Ingekuwa shida yako ni kusahau ulichosoma, ningekushauri uhame leo. Lakini tarehe 31 nyekundu zinaonyesha kwamba kinachokushinda ni kukaa ukasoma, na kwa hilo afadhali kikumbusho chako kibaki palepale unapopatazama kila asubuhi, katikati ya bili na barua. Tarehe ya mwisho iwekee kitabu cha kuazima peke yake, tena iwe siku mbili kabla ya siku ya kukirudisha.