Maswali na majibu: Kazi za programu na ushindani wa dunia

Naandika programu, niko Mwanza. Kila nikiomba kazi kwenye majukwaa ya mtandaoni, nakuta mtu wa India au Pakistan ameshataja bei ndogo kuliko yangu. Nishushe mpaka wapi?

Usishushe. Ukikubali dola tano kwa saa, kesho atatokea wa dola nne, na mteja uliyempata kwa bei hiyo ndiye atakayekusumbua kuliko wote. Vijana hunitumia maombi yao niyapitie, na mengi huanza vilevile: "Mimi ni mchapakazi mwenye uzoefu wa miaka mitatu." Mteja akipokea maombi ya namna hiyo hamsini, atayatofautisha kwa nini kama si bei? Kabla hujaandika, fungua tovuti yake kwenye simu ya bei nafuu. Ukiona kibodi inafunika kitufe cha kulipia, mweleze katika sentensi ya kwanza, mwambatishie picha ya skrini, kisha useme utarekebisha vipi. Atafika kwenye bei yako akiwa ameshajua unajua kazi.

India ilitupita kwa sababu ya mishahara midogo tu?

Hapana, na dhana hiyo inawapunja Wahindi. Kampuni zao za programu zina umri: TCS ilianzishwa mwaka 1968, Infosys 1981, na Texas Instruments ya Marekani ilifungua kituo Bangalore mwaka 1985. Ilipokuja hofu kwamba kompyuta zingekosea tarehe mwaka 2000 ukiingia, kampuni za Magharibi zilihitaji watu wengi wa kupekua programu za zamani zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili. India ilikuwa tayari na wahandisi, pamoja na mameneja waliozoea mikataba mikubwa. Sisi huku tulikuwa tunategemea intaneti ya satelaiti, ghali na ya polepole. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009.

Tunacho kitu kimoja ambacho hatukitumii vya kutosha: saa. Mjerumani akiingia ofisini saa tatu asubuhi, hapa ni saa nne au saa tano, kutegemea majira yao. Mnafanya kazi pamoja karibu siku nzima. Litaje hilo kwenye maombi yako.

Nimemaliza kozi ya programu Nairobi, lakini kila tangazo linataka mzoefu. Sisi wanagenzi twende wapi?

Swali hili linaniuma. Kampuni ya Andela ilianza mwaka 2014 kwa kufundisha vijana wa Afrika na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 ikapunguza mamia ya wahandisi wachanga Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja walitaka wenye uzoefu zaidi. Mteja aliye mbali hamfundishi mtu kazi, ananunua aliyekwisha kufundishwa. Na sasa akili mnemba inamaliza vile vijikazi vidogo ambavyo mwanagenzi alikuwa anajifunzia.

Kwa hiyo miaka ya mwanzo itafute nyumbani. Nenda kwenye SACCO, shule au duka la jumla linalotaka kuunganisha mfumo wake na M-Pesa. Huko utakutana na ujumbe wa malipo uliofika mara mbili, mfumo ukamwongezea mwanachama salio mara mbili, na mhasibu amesimama nyuma yako anasubiri. Ukilitatua hilo, una jambo la kumsimulia mteja wa London. Lakini mzigo huu si wenu peke yenu. Benki na serikali zetu zinazoagiza mifumo kutoka nje zinapaswa kuweka kwenye mkataba nafasi za vijana wa kujifunza, na nashangaa hazishinikizwi.

Mteja anataka nifanye jaribio la wiki nzima bila malipo. Nikubali?

Kataa kwa adabu. Mpe saa mbili, zaidi ya hapo alipe.

Niko Dodoma. Malipo ya mteja wa nje yanatozwa kodi?

Ndiyo. Mtanzania mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake, hata yakitoka nje. Tunza kila ankara, andika na kiwango cha kubadilishia fedha cha siku uliyolipwa, kisha nenda TRA ukiwa na karatasi zako mkononi.