Rubani wa Glaida ya Baharini Aanze na Mikondo

Glaida ya chini ya bahari, yaani chombo kisicho na mtu ndani kinachopima bahari, haina rafadha ya kuisukuma. Husukuma mafuta kuyaingiza na kuyatoa kwenye kibofu chake ili ibadili ujazo, ikazama na kuibuka, na mabawa yake huugeuza mwendo huo wa juu na chini kuwa mwendo wa kwenda mbele. Kwa kuwa hupokea maagizo kwa setilaiti kila inapoibuka, rubani wake anaweza kukaa popote penye umeme na intaneti. Mimi huifanya kazi hiyo nikiwa Uyole, Mbeya, mbali kabisa na pwani. Vijana wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaponiuliza waanzie wapi, huwashauri wajifunze kusoma mikondo kabla ya kujifunza amri za programu.

Glaida huenda mbele kwa takriban sentimita 25 hadi 30 kwa sekunde, yaani kilomita 22 hadi 26 kwa siku. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaoelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania, unaweza wakati wa kusi kupita mita moja kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 86 kwa siku. Kuielekeza pua kusini katika hali hiyo ni kuimaliza betri bure. Mwenyeji wa Kyela anayevuka Mto Kiwira kwa mtumbwi wakati wa masika huingia majini juu sana ya mahali anapotaka kutokea, na rubani naye hana budi kupanga hivyo: glaida iachiwe kusini, na njia yake iukate mkondo karibu kwa pembe mraba.

Kuhusu ramani za mikondo, nashauri uangalifu mkubwa. Nyingi huonyesha mwendo wa maji ya juu, ilhali glaida inayozama hadi mita 1,000 hupita tabaka zote na husukumwa na wastani wake. Basi chukua takwimu za kila kina kutoka kwenye modeli ya bahari, yaani programu ya kompyuta inayokadiria mwendo wa maji, uzitafutie wastani hadi kina cha mbizi zako. Kisha linganisha wastani huo na mkondo ambao glaida imeupima yenyewe, unaopatikana kwa kuchukua umbali kati ya mahali ilipodhani itaibukia na mahali GPS inapoonyesha imeibukia, ukaugawa kwa muda wa mbizi. Vikitofautiana, mimi huamini kipimo cha glaida, mradi kwanza nimehakikisha kwamba si mkondo wa uongo.

Jaribio hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ibadilishie glaida uelekeo, kwa mfano kutoka mashariki kwenda kaskazini, uangalie mbizi chache zinazofuata. Mkondo wa kweli hubaki palepale, lakini wa uongo hugeuka pamoja na pua. Ukionekana daima unatoka mbele, glaida inakwenda polepole kuliko programu inavyodhani, pengine kwa sababu viumbe wa baharini wameng'ang'ania mwilini mwake, nawe urekebishe kipimo cha ukinzani wa maji. Ukionekana daima unatoka ubavu mmoja, shaka dira, ambayo ilipaswa kusawazishwa nchi kavu betri zikiwa ndani, kwa kuwa betri nazo huivuta.

Uzito wa glaida ikiwa majini nao hutegemea maji yenyewe. Kwa glaida yenye ujazo wa lita 60, tofauti ya msongamano wa maji ya kilo moja kwa mita ya ujazo ni sawa na gramu 60 za uzito. Maji ya Ziwa Nyasa ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban kilo 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo glaida iliyosawazishwa kwa ajili ya bahari itakuwa nzito kwa karibu kilo moja na nusu ikiingizwa ziwani, na pampu yake, ambayo kwa kawaida hubadili ujazo usiofika lita moja, haitaweza kuirudisha juu. Anayetaka kufanyia majaribio Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, aupunguze uzito huo kwanza, kisha aurudishe wote kabla ya kuipeleka baharini.