Hesabu za Kidato cha Pili: alama zinapotelea wapi, na namna ya kuzirudisha kabla ya Novemba

Mama mmoja ameniandikia akiuliza kama amtafutie kijana wake tuisheni ya pili. Kwenye mtihani wa majaribio wa hesabu kapata 22, na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili uko Novemba. Jibu langu, mama, ni hapana, si sasa. Kaa naye kwanza na ile karatasi ya 22, mpitie swali baada ya swali. Utakuta alama nyingi hazikupotelea kwenye logi (logariti) wala trigonometria. Zimepotelea kwenye sehemu, kwenye alama ya kutoa mbele ya mabano, na kwenye kuzidisha kwa mkono. Tuisheni ya pili itamfundisha logi upya, na pale alipokwama patabaki vilevile.

Ijue karatasi kabla ya kupanga lolote. Kwa muundo uliozoeleka ina maswali 10, yote ya lazima, kila moja alama 10, kwa saa mbili na nusu. Kikokotoo hakiruhusiwi, jedwali la tarakimu nne na vifaa vya jiometri vinaruhusiwa. Majibu pamoja na njia vinaandikwa kwenye nafasi zilizoachwa chini ya swali. Mtaala mpya unaendelea kuingia shuleni, kwa hiyo pakua fomati ya mwaka husika kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) na usitegemee ya kaka yake. Madaraja ni haya: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Basi mwenye 22 anahitaji alama 8 kufika D. Hilo ni pungufu ya swali moja. Naomba wazazi na walimu waitazame hesabu hiyo kabla ya kumwambia mtoto kwamba hana kichwa cha hesabu, maana kauli ile ikishaingia haitoki, na Kidato cha Tatu ndiye huyo anayekaa nyuma ya darasa akisubiri kengele.

Wiki ya kwanza pima msingi. Andaa maswali 20 ya kiwango cha shule ya msingi, dakika 30, bila kikokotoo: matano ya mpangilio wa matendo, matano ya sehemu, matano ya desimali na asilimia, matano ya namba hasi. Akipata chini ya 15, ahirisha mada za Kidato cha Pili kwa wiki mbili na urudi huko chini. Walimu wengi wanaogopa kufanya hivi kwa sababu silabasi haijaisha. Lakini silabasi iliyokwisha juu ya msingi mbovu haileti alama.

MAGAZIJUTO ni mfano mzuri. Kila mtoto anaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa mpe 20 − 8 + 5. Atakayeifuata kama alivyoikariri ataona JU imetangulia TO, atajumlisha 8 na 5 apate 13, ataandika 7. Jibu ni 17. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, vikikutana unafanya kuanzia kushoto kwenda kulia. GA kutangulia ZI hakuharibu kitu, 6 × 8 ÷ 4 ni 12 ukianzia popote. Kosa lote liko kwenye JUTO. Kwa kuwa kanuni inampa jibu sahihi mara nyingi, mtoto hashtuki inapomdanganya, na kosa hilohilo analibeba hadi kwenye aljebra. Mpe maswali kumi ya namna ile kwa siku tatu mfululizo.

Kwenye sehemu, kosa kuu ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 2/3 + 1/4 inakuwa 3/7. Usimwambie tu kwamba amekosea. Muulize, 3/7 ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Ndogo. Na 2/3 je? Kubwa. Umeongeza kitu juu ya 2/3 ukapata pungufu ya nusu, inawezekanaje? Akishaliona hilo mwenyewe ndipo mrudi kwenye KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4, ambayo ni 12, mpate 8/12 + 3/12 = 11/12. Mazoea ya kukadiria kabla ya kukokotoa yanaokoa alama kwenye kila mada, na hayafundishwi vya kutosha.

Kwenye mabano ni hivi: 5 − 2(x − 3). Wengi wanaandika 5 − 2x − 6. Hasi 2 ikizidisha hasi 3 inatoa chanya 6, kwa hiyo ni 11 − 2x. Wengine wanafanya 5 − 2 kwanza, wanapata 3(x − 3). Hayo ni makosa mawili tofauti yenye dawa mbili tofauti. Wa kwanza ana tatizo la namba hasi, wa pili ana tatizo la mpangilio wa matendo. Alama ya X nyekundu haiwatofautishi.

Faida na hasara: bidhaa imenunuliwa sh. 40,000, ikauzwa sh. 50,000. Asilimia ya faida ni 25, maana 10,000 inagawanywa kwa bei ya kununulia. Anayegawanya kwa bei ya kuuzia anapata 20. Kwenye vipimo vya eneo, mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000 na wala si 100. Chora mraba wa 100 kwa 100 ubaoni, yaishe.

Logi inahitaji nafasi yake, kwa sababu hapa mwanafunzi anakwenda vizuri hadi hatua ya mwisho. Tuseme swali linataka kipeuo cha tatu cha 0.0456 kwa jedwali. Anasoma 4.56, anapata 0.6590, anaandika baa 2 nukta 6590, yaani 2.6590 yenye kistari (baa) juu ya 2. Sawa kabisa. Sasa agawe kwa 3. Wengi wanaisahau ile baa, wanagawa 2.6590 kwa 3, wanapata 0.8863, na antilogi (kuirudisha logi kuwa namba) inawapa 7.697. Kipeuo cha tatu cha namba isiyofika hata 1 kimekuwa zaidi ya 7, na mtoto anapigia mstari na kuendelea. Baa iko juu ya 2 peke yake: ile 2 ni hasi, desimali ni chanya. Kwa kuwa 2 haigawanyiki kwa 3, iandike kama baa 3 jumlisha 1.6590, kisha gawa kila kipande: unapata baa 1 nukta 5530. Antilogi ya 0.5530 ni 3.573, hivyo jibu ni 0.3573. Hakiki kwa haraka: 0.36 × 0.36 × 0.36 ni kama 0.047, tuko karibu. Afanye mifano sita, miwili yenye baa inayogawanyika na minne isiyogawanyika.

Sasa mada zipi zitangulie? Kwa mwanafunzi aliye chini ya 30 ningeanza na takwimu, seti, majira ya nukta, na uwiano pamoja na faida na hasara. Hatua zake ni chache na hazibadiliki sana. Kwenye seti tatizo ni moja tu. Wanafunzi 40, mpira wa miguu 25, netiboli 20, vyote viwili 8. Mtoto anaandika 25 ndani ya duara. Aanze na 8 katikati, kisha 17 upande mmoja na 12 upande wa pili. Jumla 37, wasiocheza chochote 3. Kwenye takwimu aangalie mipaka ya madaraja, yaani makundi ya data: 10–19 na 20–29 zinakutana 19.5, la sivyo histogramu yake itakuwa na mianya. Baada ya hapo Pythagoras na trigonometria, na pembe za 30, 45 na 60 azipate kwa kuchora: kwa 30 na 60, pembetatu yenye pande zote 2, igawe katikati, utapata 1, 2 na √3; kwa 45, mraba wa upande 1, ugawe kwa ulalo, utapata 1, 1 na √2. Uthibitisho wa pembetatu zilizo sawa uje mwishoni kwa huyu, ingawa kwa anayewinda A uje mapema, kwani alama zake ziko kwenye sababu za kila hatua na watoto wanaandika madai matupu.

Mitihani iliyopita inapima, haifundishi. Nasema hivi nikijua nitawaudhi wanaowapa watoto karatasi tatu kwa wiki. Karatasi moja iliyosahihishwa kwa kina inazidi tano zilizofanywa na kutupwa kwenye begi. Utaratibu unaofanya kazi ni siku nne za dakika 40 kwa mada, na Jumamosi maswali matano ya mtihani kwa dakika 75 kamili, saa ikiwa mezani. Jumapili ni ya daftari la makosa. Kila ukurasa una sehemu tatu: swali, mstari ambao njia iliharibika umenakiliwa kama ulivyo, na sababu kwa maneno yake mwenyewe. "Nilikosea" si sababu. "Nilisahau kubadilisha alama nilipofungua mabano" ni sababu. Swali lilelile lirudiwe baada ya siku tatu, kisha baada ya siku kumi, bila kutazama. Akilikosa tena, linarudi mwanzo.

Mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hawezi kusahihisha madaftari yote, na asijilaumu. Achague swali moja, wanafunzi wabadilishane, kila mmoja atafute mstari wa kwanza wenye kosa kwenye kazi ya mwenzake. Akusanye madaftari kumi tu kila wiki, kwa zamu. Pia Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi kwa kila somo, zenye picha za majibu mazuri na mabovu. Zipo kwenye tovuti bila malipo. Chapisha kurasa chache, bandika ukutani.

Tusisahau lugha. Swali liko kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akiambiwa arahisishe anaweka sawasawa na sifuri na kutafuta x. Atengeneze orodha ya maneno ya amri ishirini hivi, kila moja na mfano mmoja uliokamilika.

Wiki ya mwisho hakuna mada mpya. Kagua mkebe wa hesabu: kompasi isiyolegea, kipimapembe kinachosomeka, penseli mbili zilizochongwa, kalamu za bluu au nyeusi, jedwali safi lisiloandikwa kitu. Chumbani asome karatasi yote kwa dakika tano, aanze na maswali anayoyamudu, na kila swali alipatie dakika 13. Likigoma, aandike kanuni na aweke namba mahali pake kabla ya kuhama, maana njia nayo ina alama. Dakika zinazobaki ni za kuhakiki: milinganyo irudishiwe majibu yake, vipimo viwekwe, na jibu lililotakiwa kwa tarakimu muhimu tatu liwe tatu kweli, 0.00408 na wala si 0.004. Kisha ahakikishe namba yake ya upimaji ipo juu ya kila ukurasa.